Usimrudishe Mgeni Instagram: Namna ya Kumshikilia Kwenye Tovuti Yako

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti za kampuni za utalii, Moshi na Arusha. Nikipewa tovuti ya zamani niirekebishe, karibu kila mara nakuta juu kulia safu ya nembo: Facebook, Instagram, TikTok, YouTube, zote zinang'aa, huku kitufe cha kuulizia bei kimejificha chini. Mwenye kampuni amelipia tangazo Instagram ili mtu aje. Mtu kaja. Tovuti inamfungulia mlango wa kurudi Instagram, anakokutana na lundo la kampuni nyingine zinazouza Kilimanjaro ile ile.

Hatua ya 1: Jua wanaondokea wapi

Usifute kitu bado. Ingia kwenye mipangilio ya Google Analytics 4, chombo cha Google cha kufuatilia wageni wa tovuti, hakikisha vipimo vya ziada (*Enhanced measurement*) vimewashwa. Vikiwashwa, mfumo unarekodi wenyewe kila anayebonyeza kiungo cha kwenda nje. Tukio hilo linaitwa *click*. Acha wiki mbili tatu, kisha angalia ukurasa gani unatoa watu wengi na wanaelekea wapi. Kwa tovuti za utalii, mara nyingi ni ukurasa wa picha.

Hatua ya 2: Shusha nembo

Zipeleke chini kabisa ya ukurasa, ziwe ndogo, rangi moja. Usiziondoe zote: mtu anayetuma pesa kutoka Ujerumani ana haki ya kuchungulia kama kampuni ipo kweli. Ila bakiza akaunti zilizo hai tu. Akaunti ambayo mara ya mwisho iliweka picha 2022 inamfanya mgeni adhani mmefunga biashara.

Kuna wanaosema fungua kiungo kwenye kichupo kipya, yaishe. Kwenye kompyuta inasaidia kidogo. Kwenye simu, kiungo cha Instagram kwa kawaida kinafungua programu yenyewe, na mgeni ndiyo kaondoka.

Hatua ya 3: Rudisha picha na video nyumbani

Hapa ndipo penye kazi. Kile kisanduku kinachovuta picha kutoka Instagram kionekane kizuri namna gani, kina shida tatu: ukigusa picha unatolewa nje, kinakula bando la mgeni kwa kupakia msimbo wa watu wengine, na kibali chake kikiisha muda kinaacha pengo jeupe katikati ya ukurasa.

Kiondoe, pakia picha zenyewe. Zipunguze hadi upana wa pikseli 1600, zihifadhi kwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, jitahidi kila moja isizidi KB 200, na zile za chini ya ukurasa ziwekee `loading="lazy"` zisipakiwe kabla mgeni hajazifikia. Halafu ziandikie maelezo. Picha ya watu wakipanda ukuta wa Barranco, kule Kilimanjaro, ikikaa bila neno ni pambo tu. Andika: "Asubuhi ya siku ya nne, njia ya Machame," kisha iunganishe na ratiba ya njia hiyo. Mgeni akigusa, anaingia ndani zaidi.

Video iache YouTube lakini ipachike kwenye ukurasa, usiweke kiungo tu. Mwishoni mwa anwani ya kupachika ongeza `?rel=0`. Tangu 2018 hiyo haizuii mapendekezo, ila inayafanya yatoke kwenye chaneli yako, si ya jirani.

Hatua ya 4: Jibu swali linalofuata

Anayesoma kuhusu Machame atajiuliza tu: na Marangu je? Mjibu pale pale katikati ya maelezo: "Machame unalala kwenye hema, Marangu ndiyo njia pekee yenye vibanda. Linganisha bei zake." Hayo maneno ya mwisho ndiyo kiungo. "Soma zaidi" haimwambii mtu anakwenda wapi.

Hatua ya 5: WhatsApp ni habari nyingine

Huko mgeni anaongea na wewe, hapitishwi kwenye matangazo ya wengine. Tumia `wa.me/255` ikifuatiwa na namba bila sifuri ya mwanzo, bila alama ya kujumlisha, na umwandalie ujumbe wa kuanzia kwa lugha yake.

Lakini isiwe peke yake. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa takriban saa sita. Weka na fomu fupi: jina, barua pepe, mwezi wa safari, idadi ya watu. Namba ya pasi ya kusafiria subiri kwanza. Na useme barua pepe utaitumia kwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu hata ukiwa na ofisi ya chumba kimoja.

Hatua ya 6: Pima tena

Baada ya mwezi fungua ripoti ile ile ya hatua ya 1, uiweke kando ya idadi ya fomu zilizotumwa na waliobonyeza WhatsApp. Muda wa kukaa kwenye tovuti usikudanganye: mtu anaweza kukaa dakika kumi kwa sababu anatafuta bei na haioni.