Kabla Hujakata Mbao: Jukwaa la Kuinuliwa kwa Seti ya Maigizo

Anza na waigizaji, mbao baadaye. Mfalme aliyeketi kitini na wapambe wawili ubavuni ni mzigo uliotulia. Watu wanane wanaocheza kwa kukanyaga pamoja ni mzigo mwingine kabisa, hata kama kilo zao ni zile zile, kwa sababu kila kishindo huongeza nguvu inayoshuka na kuisukuma fremu upande. Kaa na mwongozaji, mpitie igizo onyesho kwa onyesho, uandike nani anapanda, amebeba nini, anaruka kutoka wapi. Majukwaa ya maonyesho kwa kawaida husanifiwa yabebe angalau kilo 500 hivi kwa kila mita ya mraba. Ikiwa lako litakuwa refu kupita kimo cha mtu, au kutakuwa na kundi kubwa linaloruka, mwite mhandisi kabla ya kununua chochote. Hapo uzoefu wa seremala peke yake hautoshi.

Kimo nacho kina hesabu yake. Mwigizaji wa mita 1.8 akisimama juu ya jukwaa la mita 1.2, utosi wake umefika mita 3, na pengine hapo ndipo taa zinaponing'inia. Pima pia milango ya ukumbi na kona za korido. Plaiwudi nyingi huuzwa kwa futi 4 kwa 8, yaani mita 1.22 kwa 2.44, kwa hiyo ni rahisi kujenga vipande vya kipimo hicho na kuviunganisha ukumbini. Karatasi moja ya milimita 18 ina kilo 30 hivi, bado fremu. Panga watu wa kubeba.

Wengi hubishana juu ya unene wa plaiwudi, ilhali jukwaa ni nadra kuvunjika katikati. Aghalabu huyumba kwanza, kisha miguu ikalala. Milimita 18 zinatosha kwa kazi nyingi, mradi mihimili ya chini isiachane zaidi ya sentimita 60, na kwa wachezaji ngoma iwe 40. Tazama uelekeo wa nyuzi za uso wa plaiwudi: zikatize mihimili, zisiende sambamba nayo. Karatasi ile ile ikigeuzwa vibaya hubonyea chini ya kisigino.

Kwenye miguu usifanye haraka. Uzito unatakiwa utue juu ya mbao, usining'inie kwenye skrubu. Mguu uliobanwa ubavuni mwa fremu kwa skrubu tupu unategemea vyuma vyembamba, na skrubu nyingi ngumu hukatika ghafla bila kupinda. Fremu ikae juu ya kichwa cha mguu, halafu bolti mbili za milimita 10, zenye washa, zifunge mguu usihame. Toboa matundu ya bolti hizo kwa mshazari, moja juu kidogo ya nyingine, kwani yakiwa kwenye mstari mmoja wa nyuzi mbao hupasuka. Kisha weka mbao za mshazari pande zote mbili, kwa urefu na kwa upana. Watu hufunga upande mmoja wakaridhika, na jukwaa likaanguka kwa upande ule mwingine. Kabla ya kupigilia plaiwudi, pima pembe hadi pembe: vipimo viwili vikilingana, fremu iko mraba. Kisha lisukume kwa bega. Likiyumba, rudi kwenye mshazari, usiongeze misumari.

Jukwaa lenye uvungu hulia kama ngoma. Kipande cha zulia kuukuu juu ya plaiwudi na gundi kwenye maungio hupunguza kelele; usipofanya hivyo, maneno ya kunong'ona yatamezwa na nyayo. Vipande vinavyopakana vifungwe kwa bolti, maana ufa wa sentimita moja unatosha kunasa kisigino.

Mwigizaji hushuka gizani, tena akiwa amevaa maleba marefu. Ngazi ziwe na kimo kilicho sawa kila hatua, kwani hatua moja iliyozidi ndiyo inayoangusha mtu. Weka tepu inayong'aa ukingoni, na kizuizi upande wa nyuma usioonekana na watazamaji. Kitambaa cha kuficha uvungu kiwe kimetiwa dawa ya kuzuia moto, na uvunguni pasiwe ghala la makaratasi na nyaya.

Chora umbo la jukwaa sakafuni kwa tepu tangu mazoezi ya mwanzo, mwongozaji abadilishe mawazo wakati kubadilisha bado ni bure. Mwishowe amua nani atashika spana. Mbao hukauka na kusinyaa, nati zikalegea, kwa hiyo mtu mmoja anayejulikana kwa jina azikaze zote kabla ya kila onyesho, na waigizaji wasipande kabla hajamaliza.