Sevo ya hewa moto ya kabureta kwa ndege ndogo ya kujitengenezea

Ukitaja barafu ya ndege hapa Zanzibar watu hushangaa. Barafu ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa ya injini, haingoji baridi ya nje, inataka unyevu, na huo tunao mwaka mzima. Petroli ikigeuka mvuke, joto la koo la kabureta, yaani njia yake nyembamba ya hewa, laweza kushuka nyuzi 20 na zaidi. Nje ni 28, umepunguza throtoli unashuka juu ya bahari kuja uwanja wa ndege wa Kisauni, na bamba la throtoli, linaloruhusu hewa kuingia, linaanza kuganda. Nimetoka kumfungia mwenzangu mfumo unaofungua wenyewe hewa moto ya kuyeyusha barafu hiyo.

1. Sensa. DS18B20, sensa ndogo ya joto, iguse ukuta wa koo karibu na bamba. Kabureta mbili, sensa mbili.

2. Sevo. Ni mota ndogo inayogeuza mkono wake; chukua ya gia za chuma. Iunge na kilango cha hewa moto kupitia springi, ili mkono wa rubani uishinde wakati wowote. Kebo ya mkono ibaki. Ndege iliyong'olewa kebo hiyo siipandi.

3. Umeme. Hapa ndipo tulipokesha. Kilango kilikuwa kinafunguka na kufunga bila kukoma. Sababu: sevo ikianza kuvuta, volti 5 hushuka, sensa inazimika na kuwaka upya, na DS18B20 ikiwaka husoma 85 kabla haijapima chochote. Programu ya Arduino, bodi ndogo ya kompyuta inayoongoza sevo, inaamini koo lina joto, inafunga.

Basi sevo ipate kipunguza volti chake kutoka betri, na fyuzi yake. Nyaya hasi zote zikutane mahali pamoja. Rezista ya kiloomu 4.7 ikae kati ya waya wa data na wa volti 5. Kwenye programu, tupa kila 85, na kila -127 ambayo maktaba ya Arduino hutoa waya ukikatika. Hapo taa nyekundu iwake, kilango kibaki kilipo. Na lehemu kila kiungo! Vya kuchomeka hulegea kwa mtetemo.

4. Programu. Chini ya nyuzi 5, fungua kilango chote, si nusu, na usifunge kabla ya dakika 2. Barafu ikiyeyuka injini hutetemeka, iache. Throtoli ikisukumwa mwisho, swichi ndogo ifunge hewa moto, maana hupunguza nguvu.

5. Jaribio. Ardhini, fungua kwa mkono, andika mizunguko ya injini ilivyoshuka. Fungua kwa sevo. Ikishuka pungufu, kilango hakifunguki chote: rekebisha urefu wa wenzo kabla ya kumwita mkaguzi.