Kutumia treni ya juu ya Bangkok: tiketi, mwelekeo na kubadili njia

Ukitua uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi jioni, achana na teksi, kwa sababu foleni ya barabarani wakati huo ni mbaya. Shuka ghorofa ya chini kabisa ya uwanja, upande treni ya Airport Rail Link hadi kituo cha mwisho, Phaya Thai. Nauli ni baht 45 na safari ni kama nusu saa. Kama unafuata nguo za jumla Pratunam, shuka Ratchaprarop, kituo kimoja kabla ya Phaya Thai, utembee.

Phaya Thai ndipo unapoingia BTS, treni ya juu iliyoanza Desemba 1999. Tiketi ya uwanja wa ndege haifanyi kazi hapo, unakata nyingine.

BTS ina njia mbili kuu. Sukhumvit, ya kijani hafifu, inatoka Khu Khot hadi Kheha. Silom, ya kijani iliyokolea, inatoka National Stadium hadi Bang Wa. Kabla ya kupanda ngazi za jukwaa, jua jina la kituo cha MWISHO cha upande unaokwenda, maana mabango huandika hilo. Majina ya Kithai huchanganya, hivyo shika pia namba: Phaya Thai ni N2, Asok E4, Surasak S5. Namba zikipanda, unazidi kwenda mbali na Siam.

Siam ndipo njia hizo mbili zinapokutana, na ndipo wageni wengi wanapopotea. Jukwaa la juu lina treni za Khu Khot na National Stadium. La chini lina za Kheha na Bang Wa. Anayetoka Phaya Thai kwenda Surasak, karibu na wauzaji wa vito wa Silom wanaonunua hata tanzanite, anashuka jukwaa la chini na kuvuka hatua chache tu hadi treni ya upande wa pili. Anayetoka Asok kwenda huko huko anafika jukwaa la juu, kwa hiyo lazima ateremke ngazi. Akivuka tu, atajikuta National Stadium.

Kwa safari moja, tafuta kituo chako kwenye ramani ya mashine, bonyeza nauli yake (huanzia baht 17), kisha lipa. Mashine za zamani hula sarafu tu. Chenji iko dirishani. Ukipitiliza kituo ulicholipia, geti halifunguki. Nenda dirishani ukaongeze nauli. Ukikaa siku kadhaa, nunua kadi ya Rabbit, ya kujaza pesa na kulipia safari za BTS, na uje na pasipoti. Kila mtu awe na kadi yake.

Rabbit haifai kwenye MRT ya bluu, treni nyingine ya jiji ambayo kwa sehemu hupita chini ya ardhi. Huko gusisha kadi ya benki ya Visa au Mastercard. Tena vituo vinavyoungana vina majina tofauti: Asok ya BTS ni Sukhumvit ya MRT, na Mo Chit ni Chatuchak Park.

Saa 1 hadi saa 3 asubuhi, na saa 11 hadi saa 1 jioni, mabehewa hujaa pomoni. Mwenye mizigo ya biashara asubiri saa hizo zipite. Simama pembeni mwa mishale ya sakafuni, wanaoshuka wapite katikati. Kula na kunywa ni marufuku.

Kwa boti za mto Chao Phraya, shuka Saphan Taksin (S6), lango namba 2. Wakati wa kurudi soma bango la mbele ya treni, kwani kituo hicho kina reli moja tu inayotumiwa na treni za pande zote mbili.