Namna ya Kupima na Kukokotoa Mgandamizo kwa Ndoo, Chupa na Karatasi ya Grafu

Mtu anayebeba ndoo ya lita 20 kichwani huweka ngata kwanza, ingawa anajua vyema kwamba ngata haipunguzi hata tone moja la maji. Uzito wa ndoo ni uleule na kani inayokishukia kichwa ni ileile, lakini maumivu hupungua kwa sababu kani hiyo imesambaa kwenye eneo kubwa zaidi. Mwanafunzi akiishika tofauti hiyo kati ya kani na mgandamizo, yaani kani iliyogawanywa kwa eneo inaloliangukia, ambao vitabu vingine huuita kanieneo, sehemu ngumu ya mada hii imekwisha. Asipoishika, atakariri fomula na kukwama kila swali linapogeuzwa kidogo. Kwa hiyo nashauri tuanze kwa kupima, na vifaa vyote vinapatikana nyumbani.

Anza na mgandamizo wa miguu yako mwenyewe. Jipime kwenye mizani, kisha zidisha kilo ulizopata kwa 10 ili upate uzito kwa nyutoni. Thamani iliyo karibu zaidi ni 9.8, ila shuleni hutumika 10 ili kurahisisha hesabu. Mtu wa kilo 60 ana uzito wa nyutoni 600. Lowesha nyayo, kanyaga karatasi ya grafu, na kabla alama haijakauka ichore kwa penseli, ukiacha nje sehemu ya katikati ya unyayo isiyogusa chini. Hesabu miraba ya sentimita moja iliyomo ndani ya mchoro: uliojaa zaidi ya nusu uhesabu kuwa mzima, uliojaa chini ya nusu uuache. Tuseme kila unyayo umepata miraba 150, yaani sentimita za mraba 300 kwa miguu yote miwili.

Hapa ndipo wengi wanapopoteza alama, nami nimeliona kosa hili mara nyingi kuliko jingine lolote. Kwa kuwa mita moja ina sentimita 100, mwanafunzi hugawanya 300 kwa 100 na kuandika mita za mraba 3, ambazo ni eneo la mkeka mzima. Ukitaka kosa hili likutoke kabisa, chukua chaki uchore sakafuni mraba wenye upande wa mita moja, kisha ufikirie safu 100 za vijiraba, kila safu ikiwa na vijiraba 100. Jumla yake ni 10,000. Kwa hiyo sentimita za mraba 300 ni mita za mraba 0.03, na mgandamizo ni 600 kugawanya kwa 0.03, yaani paskali 20,000 (paskali moja ni nyutoni moja kwa mita ya mraba). Inua mguu mmoja: uzito haujabadilika, eneo limebaki nusu, na mgandamizo umepanda hadi paskali 40,000.

Sasa rudi kwenye ndoo. Lita 20 za maji zina kilo 20, kwa hiyo uzito wake ni nyutoni 200, tukiuacha ule wa ndoo tupu. Ikiwa ukingo wa chini wa ndoo unagusa kichwa kwa sentimita za mraba 20 tu, mgandamizo ni paskali 100,000. Ngata ikilifikisha eneo hilo sentimita za mraba 100, unashuka hadi paskali 20,000. Kwa hesabu hiyohiyo utaeleza kwa nini kisu hunolewa na kwa nini mkoba wenye mikanda myembamba huumiza mabega.

Katika vimiminika fomula hubadilika sura, kwa sababu kinachogandamiza ni kimiminika chenyewe kilicho juu ya mahali unapopima. Zidisha densiti ya kimiminika, yaani kilo zilizomo katika kila mita ya ujazo, kwa 10, kisha kwa kina kwa mita. Densiti ya maji ni kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kina cha sentimita 18 kina mgandamizo wa paskali 1,800. Zingatia kwamba ndani ya fomula hiyo hamna upana wa chombo wala wingi wa maji.

Ili ulione jambo hili kwa macho, chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, utoboe matundu matatu yanayolingana ukubwa kwa msumari uliopashwa moto, kwa urefu wa sentimita 6, 12 na 18 kutoka kwenye kitako. Yazibe kwa utepe, jaza maji hadi alama ya sentimita 24, ondoa kifuniko, kisha fungua tundu moja moja, ukijaza upya hadi kwenye alama kila mara. Vitabu vingi huchora tundu la chini likirusha maji mbali kuliko mengine, lakini ukiiweka chupa chini sakafuni utaona tundu la katikati ndilo linalofika mbali, takribani sentimita 24, huku la juu na la chini yakiangukia karibu mahali pamoja, kwenye sentimita 21. Mgandamizo haujakosea. Maji ya tundu la chini yanatoka kwa kasi kubwa zaidi, ila yanagusa sakafu mapema kwa kuwa yapo karibu nayo. Ipandishe chupa kwenye ukingo wa meza yenye urefu wa sentimita 75, maji yaangukie sakafuni, na mpangilio wa vitabuni utatokea: takribani sentimita 47 kwa tundu la juu, 65 kwa la katikati na 76 kwa la chini, pungufu kidogo kwa sababu ya msuguano kwenye tundu.

Kabla ya kumwaga maji, acha tundu moja tu wazi na ufunge kifuniko barabara. Mtiririko utakatika baada ya muda mfupi, kwa sababu hewa ya nje nayo inagandamiza, takribani paskali 101,000 usawa wa bahari. Mwaka 1643 Evangelista Torricelli wa Italia alionyesha kwamba mgandamizo huo hubeba safu ya zebaki ya sentimita 76. Kwa maji ni safu ya mita 10 hivi, na ndiyo maana pampu ya kuvuta iliyowekwa juu ya ardhi haiwezi kutoa maji kwenye kisima chenye kina kupita hapo.

Nyumba moja niliyoifahamu ilikuwa na bomba la mvua la kuogea linalodondosha maji kidogo kidogo, wenyewe wakanunua tangi la lita 5,000 badala ya lile la 1,000 na kuliweka palepale, mita 3 juu ya bomba. Hali haikubadilika. Mita 3 hutoa paskali 30,000, tangi liwe kubwa au dogo; lile la zamani lingeinuliwa hadi mita 6 lingetoa paskali 60,000. Ukipima kwako, pima urefu wa wima kutoka uso wa maji ndani ya tangi hadi kwenye koki, si urefu wa bomba linalozunguka ukutani, na ukumbuke kwamba jibu utakalopata ni la koki iliyofungwa: ikifunguliwa, msuguano ndani ya mabomba membamba hula sehemu ya mgandamizo huo.