Somo: Kumfundisha mtoto kuingia mchezoni, kuelewana na wenzake na kumwuliza mwalimu

Januari ikifika tunanunua sare, begi na madaftari. Asubuhi ya kwanza mtoto anaachwa getini akiambiwa, "Haya, kacheze na wenzako." Wengi hukwama hapo hapo, maana hakuna aliyewahi kuwaonyesha kucheza na wenzako kunaanzaje.

Nafundisha darasa la awali. Kila mwaka napokea mtoto anayehesabu hadi mia bila kukosea, lakini mapumziko yote anasimama peke yake ukutani. Akili anazo na adabu anazo, ila maneno ya kumwambia mtoto mwenzake hana. Maneno hayo hufundishwa nyumbani, kwa mazoezi ya mchezo, kabla shule haijafunguliwa.

Hatua ya 1: Salamu ya rika

Watoto wetu wanajua shikamoo. Ongeza na ya wenzao: "Mambo! Mimi naitwa fulani, wewe unaitwa nani?" Amtazame mwenzake, aseme kwa sauti inayosikika. Afanye mazoezi na watoto wa jirani au binamu zake.

Hatua ya 2: Kuingia kwenye mchezo unaoendelea

Hapa kaeni sana, kwa sababu ndipo urafiki wa shuleni unapoanzia au kukwama.

Chukua mfano wa rede. Wawili wanarusha mpira, mmoja yuko kati anakwepa. Mtoto asiyefundishwa atafanya moja kati ya mawili: atakaa mbali akitumaini kuitwa, au ataingia katikati na kunyakua mpira. Wa kwanza haonekani, wa pili anafukuzwa. Mfundishe hivi:

Asogee karibu na kutazama kimya mpaka aelewe nani ni nani na zamu ni ya nani. Kisha ausaidie mchezo: mpira ukikimbilia mbali, aufuate na kuurudisha, mtu akikwepa vizuri, amshangilie. Mchezo ukisimama kidogo, ndipo aombe: "Akitoka huyu, na mimi niingie?" Asianze kwa kujisifu wala kubishia sheria zao, hata kama mtaani kwenu rede inachezwa vingine. Watafiti waliowatazama watoto wakijiunga na michezo waliona jambo hilo hilo: anayefuata kwanza kile ambacho wenzake wanafanya hupokelewa kuliko anayetaka wamgeukie yeye.

Mwandalie pia jibu la "hapana". Hata mtoto anayependwa na wote hukataliwa mara kwa mara, na mara nyingi si chuki; wenzake wanaulinda tu mchezo wao usivurugike. Aseme "Sawa, baadaye basi," aende kwa kundi lingine au amtafute mtoto mwingine aliye peke yake. Huyo wa pembeni mara nyingi ndiye anayekuwa rafiki wa kwanza.

Jioni uani, wewe na ndugu zake chezeni, yeye awe nje aombe kuingia. Mara nyingine mkatalieni kwa upole. Kisha badilishaneni: yeye awe ndani, wewe uombe. Akiwa ndani ataelewa kwa nini mnyakuaji anaudhi, na hilo hulielewi kwa kuhubiriwa.

Hatua ya 3: Kusikiliza na kutambua moyo wa mwenzake

Mdako unatosha kufundisha zamu. Kwa kusikiliza, tumieni hadithi. "Paukwa!" "Pakawa!" Ukifika mahali Sungura anamhadaa Fisi, simama uulize: "Fisi anajisikiaje sasa? Ungekuwa rafiki yake ungemwambia nini?" Mpe majina ya hisia: hasira, wivu, aibu, woga, upweke. Anayeweza kusema "nimeona wivu" hana haja kubwa ya kumchania mwenzake daftari.

Hatua ya 4: Kujitetea na kuomba msaada

Sentensi nne azijue kwa moyo: "Acha, sitaki." "Mwalimu, naomba ruhusa niende chooni." "Mwalimu, sijaelewa, naomba urudie." "Mwalimu, fulani ananiumiza." Wapo wanaojikojolea darasani kwa sababu tu hawakuthubutu kusema hiyo ya pili. Zisemwe nyumbani kwa sauti, mtoto akiwa amesimama wima, mzazi akiwa ndiye mwalimu.

Hatua ya 5: Kupatana

"Nisamehe" peke yake ni fupi mno. Ataje alichokosa, kisha atengeneze: "Nisamehe nimebomoa nyumba yako, nakusaidia kuijenga."

MASWALI YA WAZAZI NA WALEZI

Mama, Mbeya: *Mwalimu, mwanangu ana miaka mitano. Nyumbani anaongea hadi tunamnyamazisha, shuleni hasemi neno na sasa muhula unaisha. Mwalimu wake anasema ni jeuri.*

Pole, mama. Ukimya wa wiki za kwanza ni wa kawaida. Ukizidi mwezi baada ya hapo, ushughulikie. Mara nyingi ni woga unaofunga sauti, si jeuri, na kumlazimisha au kumchapa huuongeza. Mwombe mwalimu akubali kwanza ajibu kwa kichwa au kidole, kisha kwa kumnong'oneza rafiki mmoja. Mwalike mwanafunzi mwenzake nyumbani, wacheze pale anapoongea. Ukiweza, fika naye darasani mapema kabla ya wengine, aongee na wewe humo. Asipobadilika, mpelekeni kwa daktari wa watoto. Na mtoto yeyote ambaye hata nyumbani haitiki akiitwa, apimwe masikio kwanza.

Bibi, Tanga: *Sisi tulilelewa mtoto hasemi mbele ya wakubwa. Haya ya kuuliza na kukataa hayatamtia mjukuu wangu utovu wa adabu?*

Shikamoo bibi. Adabu ibaki, na wewe ndiye wa kumfundisha namna yake: anyooshe mkono, aanze na "samahani", aseme kwa utulivu. Lakini "sitaki" ya mwili wake asinyimwe. Mtoto aliyezoeshwa kunyamaza kwa kila mkubwa atanyamaza pia kwa mkubwa mwenye nia mbaya. Mwambie kwamba akija kwako na jambo la namna hiyo hutamgombeza. Ajue pia Simu ya Mtoto, namba 116, ambayo ni ya bure.

Baba, Morogoro: *Wangu anapiga wenzake akishindwa. Nimemchapa haikusaidia.*

Kaka, ukimchapa anajifunza kwamba mwenye hasira na nguvu hupiga. Chezeni naye michezo mifupi ya kushindana, na usimwachie ushindi kila mara. Akianza kukunja uso, sema wewe kwanza: "Umeudhika." Mfundishe kuondoka hatua chache, kupumua taratibu, kisha kurudi na kusema "tucheze tena". Msifu pale pale anaporudi. Anapopiga, mchezo unaisha siku hiyo, bila makelele.

Mama, Dodoma: *Binti yangu anagawa hela yote ya matumizi ili wenzake wacheze naye. Nimnyime?*

Usimnyime, dada, ila punguza, na umpe kitu cha kufanya na wenzake badala ya kuwapa: kamba ya kuruka au mpira wa rede. Mwulize kwa upole, "Siku huna hela, nani anakaa na wewe?" Akitaja hata mmoja, huyo ndiye wa kumkaribisha nyumbani Jumamosi. Asipomtaja yeyote, mwone mwalimu wake kwa siri umwombe abadilishe anapokaa, awe karibu na mtoto mpole. Kisha rudini Hatua ya 2 mwanzo, taratibu.