Jinsi ya Kupima Matarajio ya Wafanyabiashara wa Mjini Kabla ya Msimu wa Korosho

Mwenye duka akiulizwa hali ya biashara, mara nyingi hujibu kwamba ni ngumu, au kwamba anasukuma tu siku, hata kama asubuhi hiyo ameshusha lori zima la saruji. Jibu la namna hiyo ni salamu, wala haliwezi kutumika kama taarifa. Kiongozi wa jumuiya ya wafanyabiashara, ofisa biashara wa halmashauri au meneja wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo) anayetaka kujua watu wa mji wake wanatarajia nini hana budi kuuliza kwa njia nyingine. Hapa natumia mfano wa Mtwara, ambako korosho ndiyo inayoamua kama rafu za duka zitajaa au zitabaki na vumbi.

Anza na orodha ya watu. Kwa mji wa ukubwa wa Mtwara, biashara 40 zinatosha kuanzia, mradi zichaguliwe kwa kutembea mtaani, kwa kuwa wanaohudhuria mikutano ni sehemu tu ya wafanyabiashara. Wawemo wauza vifaa vya ujenzi, wenye vipuri vya pikipiki, wauza pembejeo, mama lishe, mawakala wa fedha za simu, wasafirishaji, na wale wanaouza bidhaa zinazovuka Ruvuma kwenda Msumbiji. Watu hao hao waulizwe kila mara, katika wiki ile ile ya mwezi. Ikitokea mmoja amefunga duka, usimfute kimyakimya na kuweka mwingine mahali pake. Andika kwamba amefunga, kwa sababu orodha inayobaki na waliosimama peke yao itaonyesha kila mwezi kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Kazi kubwa iko kwenye maswali. Mfanyabiashara anayemwona mtu na karatasi mkononi humfikiria kwanza ofisa wa kodi, na hofu hiyo ina sababu zake. Kwa hiyo usiulize mauzo kwa shilingi, usiandike jina la duka kwenye fomu, tumia namba, na mweleze mhojiwa mapema nani atayaona majibu. Uliza kitu ambacho jibu lake ni moja kati ya matatu: zaidi, sawasawa au pungufu. Kisha uliza kuhusu duka lake mwenyewe. Swali kama "Unauonaje uchumi wa mkoa?" litakurudishia maneno ya redioni. Uliza hivi: "Mzigo ulioagiza mwezi huu ni mkubwa, ni sawa, au ni mdogo kuliko wa mwezi kama huu mwaka jana?" Uliza pia kama katika miezi 3 ijayo anatarajia kuongeza msaidizi, kubaki nao waliopo, au kupunguza.

Liko swali moja ambalo nisingekubali liachwe, nalo linahusu daftari la madeni. Katika maduka mengi ya Tandahimba na Newala daftari hilo hukaa chini ya kaunta, limefungwa kwa mpira, na mbele ya majina yaliyoandikwa mwezi wa saba au wa nane utakuta maneno "baada ya korosho". Mwenye duka anayemwandika mteja mpya katika daftari hilo ameweka mali yake rehani kwa imani kwamba msimu utakuwa mzuri, na yule aliyegoma kukopesha amekwisha kukupa utabiri wake kwa vitendo. Uliza basi: "Mwezi huu unakopesha wateja wengi kuliko mwaka jana, sawa, au wachache?"

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme kati ya wafanyabiashara 40, 18 wanatarajia mauzo kuongezeka, 12 wanaona yatabaki yalivyo na 10 wanatarajia yapungue. Hizo ni asilimia 45, 30 na 25. Toa 25 kwenye 45, utapata mizania ya +20. Njia hii ya kutoa ndiyo msingi wa kipimo cha Taasisi ya Ifo ya München, Ujerumani, ambayo kila mwezi huuliza takriban makampuni 9,000 kuhusu hali ya sasa na matarajio ya miezi 6 ijayo. Kipimo cha PMI, yaani cha mwenendo wa biashara kinachotokana na kuwauliza mameneja ununuzi wa makampuni, kinachotolewa na Stanbic Bank nchini Kenya na Uganda hufuata mtindo mwingine: huchukua waliosema zaidi na kuongeza nusu ya waliosema sawasawa, hivyo mfano wetu ungetoa 60, na 50 ndiyo mpaka kati ya kukua na kusinyaa. Chagua mtindo mmoja, ushikilie huo huo. Hali ya sasa na matarajio viandikwe kando kando, kwa sababu mwezi Agosti ni kawaida Mtwara kukuta hali ni mbaya huku matarajio yakiwa juu.

Hilo linatupeleka kwenye msimu. Minada ya korosho huanza Oktoba, kwa hiyo ukilinganisha Novemba na Julai utatangaza ustawi ambao ni kalenda tu. Linganisha Novemba na Novemba. Kumbuka pia kwamba mkulima hupeleka korosho AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), zikaenda ghalani, zikauzwa mnadani, na fedha zikaingia benki kabla hazijafika dukani. Novemba 2018, serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na Jeshi likapewa kazi ya kuzikusanya, bei ilikuwa nzuri kuliko iliyotolewa na wanunuzi mnadani, lakini uhakiki ulichukua muda na wakulima wengi walisubiri malipo hadi mwaka uliofuata. Mwenye duka aliyeagiza mabati kwa kutazama bei peke yake alikaa nayo. Ndiyo maana fomu yako iulize mambo mawili tofauti: anatarajia bei gani ikilinganishwa na mwaka jana, na anatarajia fedha zianze kuzunguka mwezi gani.

Baada ya miezi 3, rudi na majibu ya zamani uyaweke karibu na yaliyotokea. Utagundua kwamba wapo ambao kila mara hutarajia mabaya, na kundi moja, mara nyingi wasafirishaji, hunusa mabadiliko mapema. Toa matokeo ya kila kundi kivyake; wastani wa mji mzima unaweza kuwa sifuri huku wauza pembejeo wakishangilia na wauza nguo wakifunga milango.

Matokeo yawafikie kwanza waliojibu, ukurasa mmoja wenye tarakimu chache, ubandikwe sokoni na usomwe kwa sauti kwenye kikao. Yatoke mapema Agosti, kabla wenye maduka hawajapanda basi kwenda Kariakoo kufunga mzigo wa msimu.