Kupima nguvu ya mawingu juu ya joto la dunia kwa data za CERES

Nimeandika haya baada ya kumsaidia mwanafunzi ambaye ramani yake ilidai mawingu ya bahari ya Namibia yanaipasha dunia joto. Hayapashi, yanaipoza.

1. Pakua EBAF, faili za CERES (vifaa vya setilaiti vya NASA vinavyopima mionzi inayoingia na kutoka duniani), kwenye tovuti ya CERES: wastani wa kila mwezi tangu Machi 2000, miraba ya digrii 1.

2. Fungua kwa xarray, maktaba ya Python ya data za gridi. Excel iache kabisa.

3. Fanya hesabu ya kutoa. Hapa ndipo wengi huzama. Namba za mawimbi mafupi (mwanga wa jua uliorudishwa) na marefu (joto la dunia) kwenye kilele cha angahewa ni mionzi inayotoka duniani, kwa hiyo chukua namba ya anga tupu, yaani lisilo na mawingu, utoe ile ya anga lote, mawingu yakiwemo. Ukigeuza, alama zote zinageuka na programu haitakulalamikia. Mawimbi mafupi yatoe jibu hasi, maana mawingu hurudisha jua. Marefu yatoe chanya, maana vilele vya mawingu marefu ni baridi na huachia joto kidogo. Wastani wa dunia uwe karibu −45 na +26, jumla kama −20, wati kwa mita ya mraba.

Ukipata namba nyingine, kagua mambo mawili. Je, ulipotafuta wastani, uliupa kila mraba uzito wa kosaini ya latitudo yake? Na umetumia anga tupu lipi? *clr_c* ni zile sehemu tu ambazo setilaiti ilizikuta bila wingu, na hewa yake huwa kavu zaidi. *clr_t* ni mraba mzima kana kwamba mawingu yameondolewa, kama modeli zinavyofanya. Mimi hutumia *clr_t*. Usizichanganye. EBAF ina *toa_cre_net_mon* (jumla ya athari ya mawingu kwenye kilele cha angahewa) iliyokwisha kukokotolewa, itumie kuhakiki.

4. Chora ramani. Eneo la mawingu ya Namibia, kusini digrii 10–20, mashariki digrii 0–10, Septemba hadi Novemba: mawingu ya chini, vilele vyake vinakaribia joto la bahari, kwa hiyo upozaji unashinda. Juu ya Kongo, pande mbili, mafupi na marefu, ni kubwa lakini zinakaribia kufutana.

5. Sifuri ya Kongo isikudanganye. Toa *sfc_cre_net_tot_mon* (athari ya mawingu kwenye uso wa dunia) kutoka *toa_cre_net_mon*, upate kinachobaki ndani ya hewa yenyewe. Kivuli kinaipoza ardhi, huku joto la chini likinaswa hewani, na hewa hiyo huzidi kupanda. Kule Namibia mawingu ya chini huipoza hewa, nayo hushuka. Weka juu ya ramani hiyo mwendo wa hewa wa wima kutoka ERA5, data za hali ya hewa iliyopita zilizokokotolewa upya na kituo cha Ulaya cha ECMWF, ulinganishe.